Nondo, Kutu na Zinki (Sehemu ya 3)

Tangu jengo la ghorofa liporomoke Kariakoo Novemba 16, 2024 na Rais Samia Suluhu Hassan kuagiza majengo ya eneo hilo yakaguliwe, mazungumzo ni ya misingi na vibali. Ni haki, kwani lawama iliangukia uchimbaji wa chini ya jengo, si kutu. Lakini nguzo ikishapigwa lipu na rangi, nani anaiona nondo?

Wiki iliyopita tulieleza jinsi chumvi ya bahari inavyopenya zege, na jinsi kutu inavyovimba hadi zege likapasuka. Leo ni zamu ya dawa yenyewe: kuichovya nondo kwenye zinki.

Dawa hii ina asili ndefu. Zinki ni madini mkaidi: huchemka kwenye nyuzi 907, hivyo tanuruni hutoka kama mvuke na kupotea hewani. Mafundi wa Zawar, Rajasthan, waliujua ujanja wa kuikeneka karne nyingi kabla ya Ulaya. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata hataza ya kuchovya chuma kwenye zinki iliyoyeyuka. Mabati yaliyoezeka nyumba za Uswahilini, za Kariakoo zikiwemo, yametokana na ufundi huo. Babu zetu waliilipia zinki ili wasinyeshewe. Wajukuu wanapandisha ghorofa kumi kwa nondo tupu, tena iliyolala nje masika nzima.

Zinki hukinga kwa namna mbili. Kwanza hukifunika chuma. Pili, ikikwaruzwa, huliwa yenyewe kwanza na chuma kikabaki salama. Haizuii kutu milele, ila huvumilia chumvi nyingi zaidi kuliko nondo tupu. Kisiwa cha Bermuda, kilichozungukwa na chumvi kama Unguja, kimezitumia nondo hizi tangu katikati ya karne iliyopita.

Wenye majengo watalia bei. Hao hao hawalii wanapoagiza vioo na marumaru za kumvutia mpangaji!

Hata hivyo, zinki haimsamehe fundi anayeruka biskuti, vile vipande vya zege vya kuitenga nondo na fomu, nondo ikagusa mbao, wala anayechanganya zege kwa mchanga wa pwani usiooshwa. Wewe unayetaka kujenga Kariakoo, mwombe mhandisi wako akupigie hesabu ya nondo za zinki kabla hujauliza bei ya marumaru.