Mhandisi wa darasani na mhandisi wa saiti: Tofauti iko wapi?

Ni asubuhi ya kumwaga zege. Mhitimu mpya wa uhandisi wa ujenzi amefika saiti na kofia ngumu na daftari lake. Mashine ya kuchanganyia inanguruma, vibarua wamejipanga na ndoo. Nusu saa haijaisha, fundi analalamika kwamba zege ni gumu, halitandiki. Mhitimu hajajibu bado, mtu ameshamimina ndoo ya maji.

Chuoni alishakutana na swali hili. Aliandika kwamba maji yakizidi, zege likikauka hubaki na vitundu vidogo na nguvu yake hushuka. Akapewa alama zote. Leo jibu ni lilelile, ila anatakiwa kulitoa mbele ya watu ishirini, akiwemo fundi aliyeanza kazi yeye hajazaliwa, na kulitoa kwa sauti: simamisheni mashine.

Wengi wanaotoka chuo wanadhani kitakachowasumbua kazini ni hesabu. Hesabu zinabaki zilezile. Kinachobadilika ni kwamba hakuna anayewapa swali likiwa limekamilika.

Mtihani humpa mwanafunzi kila kitu: urefu wa boriti, uzito inaoubeba, aina ya chuma. Saiti hali ni nyingine. Chukua mchanga tu. Kipimo kinachozoeleka ni 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, na maabara mchanga huwa mkavu. Sasa mvua imenyesha usiku. Mchanga wenye unyevu hufura, kwa hiyo ndoo iliyojaa ina mchanga mchache kuliko inavyoonekana, na juu ya hapo imebeba maji ambayo hayamo kwenye hesabu. Ndoo zimehesabiwa sawasawa, lakini mchanganyiko umeshakuwa mwingine.

Au mchoro unataka nondo za milimita 16, dukani zimeletwa za 12, na mwenye jengo anauliza, "Kwani hizi hazifai?" Kwa macho tofauti ni ndogo. Kwa hesabu, nondo ya 12 ina chuma kinachozidi kidogo tu nusu ya kile cha nondo ya 16. Mhandisi lazima aseme hapana kwa mtu anayemlipa.

Isidhaniwe kwamba chuo ni kupoteza muda na kwamba fundi anajua yote. Fundi mzuri akilitazama zege anajua kama litatandika. Lakini kwenye balkoni inayoning'inia bila nguzo, nondo kuu zinatakiwa zikae juu, kwa sababu upande wa juu ndio unaovutwa. Aliyezoea slabu za kawaida atazilaza chini, na balkoni itapendeza kabisa hadi siku itakapobeba watu. Hilo hujulikana kwa hesabu kwanza, si kwa mazoea.

Majibu yanayochelewa

Kingine kinachowashtua wageni ni kusubiri. Siku ya kumwaga, zege kidogo hujazwa kwenye vibati vya mraba vya milimita 150. Vitofali vinavyopatikana huvunjwa kwa mashine baada ya siku 7, kisha vingine baada ya siku 28, kuona vina nguvu kiasi gani. Siku ya 28 ikifika, mara nyingi kazi ya juu imeshaanza. Mhandisi ameamua kabla hajajua.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alama 70 ni A. Mwanafunzi anaweza kukosa maswali matatu kati ya kumi na bado akapongezwa nyumbani. Jengo lenye nguzo saba imara kati ya kumi halimpi mtu A. Na aliyefeli chuoni ana sapu. Zege likifeli kinachofuata ni kulitoboa kulipima upya, kuliimarisha, au kulivunja kwa gharama ambayo mtu atatafutwa ailipe.

Ndiyo maana Tanzania shahada peke yake haimpi mtu haki ya kufanya kazi kama mhandisi. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyo chini ya sheria ya mwaka 1997, humsajili kwanza kama mhandisi mhitimu. Ili awe mhandisi mtaalamu, anatakiwa afanye kazi chini ya wazoefu kwa miaka isiyopungua mitatu na kuandika ripoti za alichokifanya. Tangu 2003 kuna mpango maalumu wa kuwapitisha wahitimu katika hatua hiyo. Muhuri unakuja baadaye, na anayeugonga kwenye mchoro anaweza kuitwa kujieleza.

Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka. Watu 36 walikufa.

Kwa aliye chuoni bado, nafasi ya kuonja haya ni mafunzo kwa vitendo, ile PT ambayo wengine huimalizia ofisini wakisubiri daftari lisainiwe. Siku ya kwenda saiti ni ile ya kumwaga zege, mapema, kabla mashine haijawashwa. Aanzie kwenye lundo la mchanga: achote konzi moja, aikamate, aone kama inaloa mkononi.