Uchaguzi wa Marekani wa Mwaka 1876 na Ugomvi wa Vyama Viwili

Watu wengi hudhani ya kuwa vita vikiisha, amani imekwisha kuja. Sivyo. Nchi iliyotoka vitani ni kama mgonjwa aliyetokwa na homa: nguvu hazijamrudia, na jambo dogo laweza kumrudisha kitandani. Na katika mambo yaijaribuyo nchi ya namna hiyo, kubwa ni uchaguzi, kwa kuwa waliopigana jana kwa bunduki leo hutakiwa washindane kwa kura, kisha aliyeshindwa akubali. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za uchaguzi mmoja ambao nusura uirudishe nchi kubwa vitani, tena jinsi ugomvi ule ulivyokwisha, na ni nani aliyelipa gharama yake.

Katika mwaka 1861 majimbo ya Kusini ya Marekani yalipigana na majimbo ya Kaskazini, na asili ya ugomvi ilikuwa ni utumwa. Vita vilidumu miaka minne, wakafa watu zaidi ya laki sita. Kusini ikashindwa mwaka 1865, na watumwa wapata milioni nne wakawekwa huru. Ndipo sheria kuu ya nchi, iitwayo katiba, ikaongezwa maneno: mwaka 1865 utumwa ukakatazwa, mwaka 1868 watu weusi waliozaliwa katika nchi ile wakahesabiwa kuwa raia, na mwaka 1870 ikaamriwa kwamba mtu asinyimwe kura kwa ajili ya rangi yake au kwa kuwa alikuwa mtumwa zamani. Askari wa serikali wakakaa Kusini kuzilinda sheria hizo. Kwa hiyo watu weusi walipiga kura, wakaingia katika mabaraza ya majimbo, na mwaka 1870 jimbo la Mississippi likampeleka mtu mweusi, Hiram Revels, katika Seneti, ambalo ndilo baraza la juu la nchi.

Vyama vya siasa vilikuwa viwili. Warepublikani walikuwa chama cha Rais Abraham Lincoln, aliyeongoza Kaskazini wakati wa vita. Na watu weusi karibu wote walikuwa upande huo. Wademokrati walikuwa na nguvu kwa Wazungu wa Kusini, nao walitaka askari waondoke na utawala wa majimbo urudi mikononi mwao. Jimbo baada ya jimbo waliurudisha, hata ulipofika mwaka 1876 yalibaki majimbo matatu tu yaliyotawaliwa na Warepublikani huko Kusini: South Carolina, Louisiana na Florida. Yashikeni majina hayo, maana ndiyo yaliyoleta mashaka.

Yafaa sasa tueleze jinsi Rais wa Marekani achaguliwavyo. Raia hawamchagui yeye mwenyewe moja kwa moja. Kila jimbo lina wajumbe wake kwa kadiri ya wingi wa watu wake, na raia wa jimbo huchagua wajumbe hao. Kisha wajumbe humpigia Rais kura. Mwaka ule wajumbe wote walikuwa 369, na mtu wa kushinda alipaswa kupata 185. Wademokrati walimweka Samuel Tilden, gavana wa New York. Warepublikani walimweka Rutherford Hayes, gavana wa Ohio.

Siku ya uchaguzi ilikuwa tarehe 7 Novemba, 1876. Kura za raia zilipohesabiwa, Tilden alikuwa amempita Hayes kwa kura zaidi ya laki mbili. Kwa hesabu ya wajumbe, Tilden alikuwa na 184 wasio na ubishi, akapungukiwa na mmoja tu. Hayes alikuwa na 165. Wakabaki wajumbe 20 waliogombewa: 19 wa majimbo yale matatu ya Kusini, na mmoja wa jimbo la Oregon. Hayes hakuweza kushinda ila awapate wote 20. Tilden alitosheka na mmoja.

Je, kwa nini waligombewa? Kwa sababu katika majimbo yale uchaguzi haukuwa safi kwa upande wo wote. Wademokrati wengi walikwenda na bunduki wakiwatisha watu weusi wasipige kura. Mwezi wa Julai mwaka ule, katika mji wa Hamburg jimboni South Carolina, watu weusi kadhaa waliuawa, wengine wao wakiwa wamekwisha kamatwa na hawana silaha. Warepublikani nao walikuwa wameshika kamati za kuhakiki kura, na kamati hizo zilikuwa na mamlaka ya kuzifuta kura za mahali palipokuwa na vitisho. Zikafuta kura nyingi za Wademokrati, mpaka ushindi ukawa wa Hayes. Huko South Carolina kura zilizohesabiwa zilizidi idadi ya wanaume wote waliostahili kupiga kura. Basi hata mtu mwenye nia njema asingeweza kusema kwa hakika kura halali zilikuwa ngapi. Wala hakuna awezaye kusema ni watu weusi wangapi wangepiga kura kama wasingeogopa kufa.

Kutoka katika kila moja ya majimbo yale zikapelekwa hati zaidi ya moja kwenye mji mkuu wa Washington. Hati moja ilisema wajumbe ni wa Hayes, nyingine ilisema ni wa Tilden. Tena South Carolina na Louisiana zikawa na magavana wawili wawili, kila mmoja akidai kuwa ndiye wa haki.

Hapo ndipo ilipoonekana kasoro ya katiba yao. Katiba ilisema ya kuwa mkuu wa Seneti atazifungua hati mbele ya mabaraza yote mawili, na kwamba kura zitahesabiwa. Lakini haikusema zitahesabiwa na nani, wala mahali penye hati mbili ni nani atakayechagua iliyo ya kweli. Warepublikani, ambao walikuwa wengi katika Seneti, walisema kazi hiyo ni ya mkuu wa Seneti. Wademokrati, ambao walikuwa wengi katika baraza la pili, walisema hapana, bila ya ridhaa yao hapahesabiwi kitu. Kila upande uliisoma sheria kwa jicho la faida yake. Na huko nje walikuwako waliopiga kelele ya kwamba ni Tilden ama damu. Wengi wao walikuwa askari wa zamani, nao walijua maana ya neno hilo. Lakini Tilden mwenyewe hakuwaita watu wake kushika silaha.

Mwezi wa Januari, 1877, mabaraza yalikubali kuunda tume ya watu 15: watano kutoka Seneti, watano kutoka baraza la pili, na majaji watano wa Mahakama Kuu. Kwa hesabu yao, saba wangekuwa Warepublikani, saba Wademokrati, na wa kumi na tano awe mtu asiyeegemea upande. Watu wote walimtazamia Jaji David Davis. Walakini siku zile zile baraza la jimbo la Illinois lilimchagua Davis kuingia katika Seneti, kwa kura za Wademokrati wenyewe, naye akakataa kazi ya tume. Majaji waliobaki wote walikuwa wa upande wa Warepublikani. Akawekwa Jaji Joseph Bradley.

Wahenga walisema kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere. Tume ilipoamua juu ya Florida, wanane walisema ni ya Hayes, saba wakakataa. Louisiana, wanane kwa saba. Oregon, wanane kwa saba. South Carolina, wanane kwa saba. Watu kumi na watano wenye elimu nyingi waliapa kuamua kwa haki, na kila mmoja akaiona haki mahali chama chake kilipokuwa. Kwa hiyo Hayes alipata wajumbe wote 20, akawa na 185 kwa 184.

Wademokrati wengi wa baraza la pili waliona wameibiwa, wakataka kuchelewesha mambo mpaka siku ya kumwapisha Rais ipite. Lakini spika wa baraza hilo, Samuel Randall, ingawa alikuwa Mdemokrati, alikataa hila za kuchelewesha. Hesabu ikamalizika alfajiri ya tarehe 2 Machi, 1877, Rais wa zamani akiwa amebakiza siku mbili tu. Hayes aliapishwa kwa siri tarehe 3, kwa sababu tarehe 4 ilikuwa Jumapili, kisha akaapa tena hadharani tarehe 5.

Sasa twafika kwenye kiini cha habari hii. Siku zile watu wa vyama vyote viwili walikuwa wakizungumza kwa faragha. Mazungumzo mojawapo yalifanyika mwishoni mwa Februari katika hoteli moja ya Washington, ambayo mwenyewe alikuwa mtu mweusi, James Wormley. Wenye elimu ya historia hawapatani juu ya uzito wa mazungumzo yale, maana wengine husema kwamba mambo yangekwenda vile vile hata bila hayo. Lakini yaliyofuata yajulikana. Mwezi wa Aprili, 1877, Hayes aliwaondoa askari waliokuwa wakizilinda nyumba za serikali huko South Carolina na Louisiana, na magavana wa Republikani wakaanguka papo hapo. Chama kimoja kilipata Rais, chama cha pili kilipata Kusini, na nchi haikurudi vitani.

Ni nani basi aliyelipa? Walilipa watu weusi wa Kusini, ambao hawakuwamo katika mapatano. Maneno ya katiba yalibaki kama yalivyoandikwa, lakini hapakuwa na mtu wa kuyalinda. Kuanzia Mississippi mwaka 1890, majimbo ya Kusini yalitunga sheria za kodi ya kura na mitihani ya kusoma, ambazo hazikutaja rangi ya mtu lakini ziliwafungia watu weusi mlango. Huko Louisiana watu weusi walioandikwa kupiga kura mwaka 1896 walikuwa 130,334. Ulipofika mwaka 1904 walibaki 1,342. Baada ya mwaka 1901 hapakuwa na mtu mweusi kutoka Kusini katika mabaraza makuu ya nchi mpaka mwaka 1973. Sheria yenye nguvu ya kuwarudishia haki ya kura ilipatikana mwaka 1965, yaani miaka 88 baada ya mapatano yale.

Mithali yetu yasema, wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Hapa fahali hawakupigana bali walipatana, na nyasi ziliumia vile vile.

Kasoro ya hesabu Wamarekani walijaribu kuitengeneza kwa sheria ya mwaka 1887. Lakini sheria hiyo iliandikwa kwa maneno magumu, na tarehe 6 Januari, 2021, watu waliokataa matokeo ya uchaguzi waliivamia nyumba ya mabaraza wakati kura zilipokuwa zikihesabiwa. Mwaka 1922 au 1952 mtu angeweza kusema kwamba maneno ya 1876 yamezeeka. Lakini mwaka 2022 ilipasa sheria itengenezwe tena, ikasemwa wazi ya kuwa anayesimamia hesabu ile hana mamlaka ya kuchagua kura apendazo.

Katika habari hii twaona mambo matatu. La kwanza, sheria ya kuhesabu hutungwa kabla ya mashindano, wakati ambapo hakuna ajuaye nani atashinda. Ikitungwa baadaye, kila mtu huipima kwa mfuko wake. La pili, mwamuzi akiwa mtu wa upande mmoja, hata akiamua kwa haki hatasadikiwa. La tatu ndilo kubwa: amani iliyonunuliwa kwa mali ya mtu mwingine huacha deni, na deni hilo hudaiwa na wajukuu. Kukaa pamoja na kumaliza ugomvi bila damu ni jambo jema, nasi hatuwalaumu waliotaka vita visirudi. Lakini mzee akaapo barazani kuwapatanisha wagomvi wawili, na atazame kwanza ni nani asiyeitwa, na kama si huyo atakayebeba mzigo wa mapatano.