Nukta Tatu za Riyali Elfu

Kwenye ukumbi wa mapokezi wa jengo moja refu la West Bay, Doha, askari wa zamu ya usiku ametandaza karatasi mbili juu ya kaunta. Kwao ni Mombasa. Ni mkataba mpya, upande wa kulia Kiarabu, upande wa kushoto Kiingereza, uliotolewa fotokopi mara nyingi hata herufi zimefifia. Anainua simu, anatuliza mkono, na Kiarabu kinageuka Kiswahili machoni pake. Mstari mmoja unasema kila mwaka ana haki ya "kuondoka kwa malipo."

Analipwa aondoke, ama akiondoka alipe?

Kilichoandikwa ni ijaza, yaani likizo. Programu za kutafsiri zimezoea kupita kwenye Kiingereza zinapotoka Kiarabu kwenda Kiswahili, na Kiingereza kina neno moja, leave, lenye maana ya likizo na ya kuondoka pia. Neno limevuka mito miwili, likatokea ng'ambo likiwa na sura nyingine.

Angeweza kusoma safu ya Kiingereza akalala. Lakini Sheria ya Kazi ya Qatar, Na. 14 ya mwaka 2004, inasema katika kifungu cha 9 kwamba mikataba iandikwe kwa Kiarabu. Mwajiri anaweza kuambatisha tafsiri ya lugha nyingine, ila maneno yakitofautiana, Kiarabu ndicho kinachoshika. Ile safu aliyoielewa ni ya hisani. Ile asiyoielewa ndiyo mkataba.

Ufundi wenyewe si wa jana. Mwaka 2010 ilitokea programu ya simu iitwayo Word Lens, iliyogeuza maandishi ya vibao kamera ikivielekea. Google wakainunua mwaka 2014 na kuiingiza kwenye programu yao ya tafsiri mwanzoni mwa 2015. Kiswahili kilikuwa kimeshafika humo tangu 2009. Kiarabu cha kamera ya papo kwa papo kilikuja baadaye, mwaka 2019.

Ndani ya simu kuna kazi mbili, na watu wengi huzidhani moja. Kwanza mashine huitazama picha na kukisia kila alama ni herufi gani. Kisha huyachukua maneno iliyoyapata na kuyafasiri. Ikikosea kusoma, mfasiri hana habari. Atatafsiri kosa kwa Kiswahili safi kabisa, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa sentensi iliyonyooka haitiliwi shaka.

Na Kiarabu ni kigumu kusomwa pichani. Herufi zimeshikana, na moja hubadili umbo kulingana na mahali ilipokaa katika neno. Be, te na the ni chombo kimoja; kinachozitenga ni nukta, moja chini, mbili juu, tatu juu. Fotokopi mbovu inameza nukta. Irabu fupi nazo haziandikwi. Aliyesoma chuoni pwani anaijua shida hii vizuri: msahafu umetiwa irabu zote, naye anausoma bila kukwama, lakini mpe barua ya ofisini isiyo na irabu, atababaika kama mashine.

Tarakimu ndizo zenye mitego zaidi. Kima cha chini cha mshahara Qatar tangu Machi 2021 ni riyali 1,000 kwa mwezi, pamoja na 500 za malazi na 300 za chakula pale mwajiri asipovitoa mwenyewe. Kwa tarakimu za Kiarabu, elfu moja ni kijiti kimoja na nukta tatu: ١٠٠٠. Vumbi kwenye kioo cha skana laweza kuongeza nukta ya nne. Wino ukififia, moja inapotea. Tano nayo, ٥, ni duara, na asiyezoea ataiona sifuri. Sita, ٦, inafanana na saba yetu.

Kinachochekesha kidogo ni kwamba hati ya Kiarabu haikuwa ngeni kwa Waswahili. Barua za Kiswahili zilizotoka Kilwa kuanzia mwaka 1711, zilizohifadhiwa Goa, ziliandikwa kwa herufi hizo hizo. Waandishi wa pwani walihangaika na sauti ambazo Kiarabu hakina, kama p, na baadhi yao wakatia nukta tatu chini ya be. Kwenye vitambulisho vya Ghuba shida hiyo ingalipo. Aitwaye Pendo huandikwa kwa be, na mashine ikirudisha jina kwenye herufi za Kilatini, huenda akatoka Bindu.

Doha yenyewe imelifanyia kazi suala la mashine kusoma Kiarabu. Taasisi ya utafiti wa kompyuta ya QCRI, iliyoanzishwa mwaka 2010, ilikuwa na ofisi zake za mwanzo papo hapo West Bay, katika Tornado Tower, lile jengo lililobanwa kiuno. Mwaka 2016 watafiti wake walieleza QATIP, mfumo wa kusoma Kiarabu cha vitabu vya kale vilivyopigwa skani maktabani. Kitabu cha kale kinaweza kusubiri. Mkataba unasainiwa kesho asubuhi.

Kwa hiyo simu inafaa kumjulisha mtu karatasi inahusu nini, na haifai zaidi ya hapo. Piga picha mchana, karatasi ikiwa imenyooka, si picha ya picha iliyopita WhatsApp mara tatu. Namba zisome kwa macho yako. Mahakamani na wizarani hutakiwa tafsiri ya ofisi yenye muhuri. Na usipakie kitambulisho kwenye tovuti usiyoijua, hata ikisema ni bure.

Saa kumi na moja alfajiri anaingia askari wa zamu ya asubuhi, Msudani. Anaichukua karatasi, anaiinua kwenye taa, anapitisha kidole kutoka kulia. "Ijaza, ya zol," anasema, kisha anaonyesha vidole vitatu: wiki tatu. Halafu anashuka mstari mmoja, anasimama, anauliza kama muhuri huu uliofunika namba ulikuwepo kwenye karatasi ya kwanza.