Nyumba ngapi ziko katika njia ya lava? Jinsi kompyuta inavyojibu maswali ya ramani

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, Jenerali Constant Ndima, aliamuru wakazi wa mitaa 10 kati ya 18 ya mji wa Goma waondoke mara moja. Malaki ya watu walishika njia. Wapo walioelekea Sake, wapo waliokwenda upande wa Rutshuru, na wengine walivuka mpaka na kuingia Gisenyi, nchini Rwanda.

Amri ya namna hiyo huzaa maswali yasiyongoja. Ni nyumba ngapi zimefunikwa na lava? Ni shule na zahanati zipi zilizo chini ya mita 500 kutoka ukingo wake? Zamani maswali hayo yalijibiwa kwa karatasi, rula na penseli. Leo hujibiwa na hifadhidata ya kijiografia, yaani hifadhi ya kumbukumbu katika kompyuta inayotambua mahali kitu kilipo, na jibu hutoka kwa sekunde chache. Hata hivyo, jibu hilo linaweza kuwa na kosa kubwa bila kompyuta kutoa onyo lolote. Mara nyingi kosa hilo halitokani na swali, bali hutokana na namna data ilivyoingizwa.

Hifadhi inayotambua mahali

Hifadhidata ya kawaida hufanana na daftari lenye majedwali. Inaweza kueleza kwamba shule fulani iko Goma kwa sababu neno "Goma" limeandikwa humo, lakini haiwezi kueleza kama shule hiyo iko karibu na uwanja wa ndege au karibu na Ziwa Kivu. Hifadhidata ya kijiografia huongeza safu moja inayobeba umbo la kitu. Kisima huwa nukta, barabara huwa mstari, na nyumba au shamba huwa eneo lenye mipaka. Mojawapo ya programu zinazotumiwa sana katika kazi hii ni PostGIS, nyongeza ya bure ya hifadhidata ya PostgreSQL, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2001 na kampuni ya Refractions Research ya nchini Kanada.

Data yenyewe hutoka sehemu mbalimbali. OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, huchorwa na watu wanaojitolea kote duniani. Kampuni ya Google nayo ilitoa mwezi Julai 2021, yaani miezi miwili baada ya mlipuko wa Nyiragongo, orodha ya majengo ya Afrika yaliyotambuliwa na kompyuta kwa kusoma picha za setilaiti. Toleo la tatu la orodha hiyo, la mwaka 2023, lina majengo bilioni 1.8 ya Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Mpaka wa lava iliyoganda nao huweza kuchorwa kutokana na picha za setilaiti.

Kuingiza mzigo mkubwa

Majedwali ya Excel, ambayo ofisi nyingi zimeyazoea, hukomea kwenye mistari 1,048,576. Orodha ya majengo ya nchi moja tu inaweza kuvuka kiwango hicho mara nyingi. Kwa hiyo wataalamu huchukua faili za eneo wanalolihitaji peke yake, huzikata kwa mipaka ya kazi yao, kisha huziingiza kwa mafungu makubwa badala ya mstari mmoja mmoja.

Ni katika hatua hii ndipo ukweli unapoweza kupotea. Mji wa Goma uko karibu na latitudo 1.68 Kusini na longitudo 29.22 Mashariki. Katika mazungumzo watu huzoea kutanguliza latitudo, lakini PostGIS hutaka longitudo itangulie. Anayezibadilisha nafasi huihamishia Goma magharibi mwa Algeria, katika jangwa la Sahara. Anayesahau alama ya kutoa, ambayo huonyesha upande wa kusini mwa ikweta, huipeleka kaskazini kwa kilomita zaidi ya 370, hadi kwenye misitu ya Ituri.

Kosa la Algeria hugunduliwa haraka, kwa kuwa ramani hubaki tupu pale mji ulipotarajiwa. Makosa madogo ndiyo yenye hatari zaidi. Ramani nyingi za zamani za Kenya, Uganda na Tanzania zilitengenezwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali vifaa vya GPS hutumia msingi mwingine uitwao WGS 84. Nukta ileile ikisomwa kwa msingi usio wake husogea kwa takriban mita 300. Mita 300 zinatosha kuihamisha nyumba kutoka ng'ambo moja ya mto hadi nyingine, au kuitoa katika eneo la hatari na kuiweka mahali salama pasipo nyumba hiyo kusogea hata hatua moja.

Eneo letu lina mtego wake pia. Mfumo mmoja unaotumika sana huigawa dunia katika kanda 60, kila moja ikiwa na upana wa digrii sita. Longitudo ya 30 Mashariki, inayopita ndani ya Rwanda na Burundi, hutenganisha kanda ya 35 na ya 36. Goma na Bujumbura zimo katika kanda ya 35, na Kigali imo katika kanda ya 36. Namba za vipimo huanza upya katika kila kanda. Kwa sababu hiyo, faili za pande hizo mbili zikiunganishwa bila kuieleza kompyuta kila moja ni ya kanda gani, majirani wanaoonana kwa macho wataonekana wametengana kwa mamia ya kilomita.

Kuuliza bila kugonga kila mlango

Data ikishaingia, swali huandikwa kwa lugha ya kompyuta, lakini maana yake ni nyepesi: hesabu majengo yote yaliyomo ndani ya mpaka wa lava. Kama kompyuta ingelinganisha kila jengo kati ya mamilioni na kila kona ya mpaka huo, jibu lingechelewa sana.

Mgeni anayemtafuta mtu mjini Goma hagongi mlango mmoja baada ya mwingine. Huuliza kwanza kama ni komini ya Goma au ya Karisimbi, kisha mtaa, kisha kiongozi wa nyumba kumi. Faharasa ya kijiografia hufanya kazi kwa njia hiyohiyo. Kila jengo huwekwa ndani ya mstatili mdogo, mistatili jirani huwekwa ndani ya mstatili mkubwa zaidi, na kuendelea hadi juu. Mstatili mkubwa usiogusana na lava huachwa pamoja na vyote vilivyomo, na ni majengo machache yaliyobaki tu yanayopimwa kwa makini. Mbinu hiyo ilichapishwa mwaka 1984 na Antonin Guttman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kwa kawaida faharasa hujengwa baada ya data kuingia, kwa sababu kuijenga wakati data ikiingia huchelewesha kazi.

Hata swali lililo sahihi linaweza kukwama kwenye kipimo. Ikiwa data imehifadhiwa kwa digrii na mtu akauliza "vitu vilivyo chini ya 500 kutoka kwenye lava" akidhani ni mita, kompyuta itaelewa digrii 500. Kwa kuwa dunia nzima ni digrii 360 tu, jibu litazijumuisha zahanati zote zilizomo katika hifadhi.

Kisichoonekana kwenye skrini

Kuna mipaka ambayo hakuna programu inayoiondoa. Jengo si familia: paa moja laweza kuwa ghala, na jingine laweza kuwa la kaya tatu. Majengo yaliyotambuliwa na kompyuta huja na alama ya uhakika, na wataalamu wawili wakikubali viwango tofauti vya uhakika watapata hesabu mbili tofauti za mtaa uleule. Nyumba iliyojengwa baada ya picha kupigwa haimo kabisa, na ndivyo ilivyo kwa mahema ya waliokimbia vita.

Mpaka wa nchi nao hukata. Data nyingi husambazwa kwa faili moja kwa kila nchi. Mwezi Mei 2021 mitetemeko ya ardhi iliyofuata mlipuko ilipasua nyumba za Gisenyi pia. Aliyeingiza faili ya Kongo peke yake alikuwa na ramani inayoishia kwenye kizuizi cha mpakani, na kwa swali lolote kuhusu nyumba za ng'ambo ya pili kompyuta ingejibu sifuri. Sifuri hiyo haimaanishi kwamba hakuna aliyeathirika. Inamaanisha kwamba hakuna aliyewaandika.

Kwa hiyo, siku mamlaka au mashirika ya misaada yanapotangaza idadi ya nyumba zilizo hatarini, msikilizaji ana haki ya kuuliza mambo matatu: picha zilizotumika ni za lini, ramani inaishia wapi, na ni nani aliyekwenda kuhakikisha kwa miguu. Viongozi wa nyumba kumi, wanaojua ni nani analala chini ya paa lipi, bado hawajapata mbadala.