Karani, Daftari na Makopo Matano

Uhifadhi wa data katika mashirika waweza kufundishwa kwa mchezo, hata Nyashimo, wilayani Busega, ambako maghala ya mpunga yanafahamika. Makopo matano ya ukubwa mbalimbali ni diski. Mwanafunzi mmoja ni karani mwenye daftari. Wenzake humkabidhi punje na kuzidai kwake, bila kujua zimo kopo gani. Kopo likitoboka, karani huzihamisha, wenyewe wasitambue. Katika kompyuta, karani huyo ni programu: diski nyingi huonekana moja, na nafasi haipotei bure. Kampuni ya IBM ilianza kuuza mtambo wa namna hiyo mwaka 2003. Kisha mwalimu afiche daftari: punje zipo, wenyewe hawajulikani. Kwa hospitali, huko ni kupoteza kumbukumbu za wagonjwa. Ndiyo sababu daftari huwekewa nakala mahali pengine.