Siku 90 za Slack, miaka 5 ya KRA: hifadhi meseji zako za malipo mapema

Ukilipa kwa simu, meseji ya uthibitisho inakwambia pesa ni ngapi, zimeenda kwa nani, saa ngapi, na nambari ya muamala ni ipi. Kitu kimoja haikwambii: pesa hizo zilikuwa za nini. Hilo mara nyingi limeandikwa kwingine, kwenye inbox kati yako na mwenzako wa kazini.

Timu nyingi ndogo siku hizi zinapanga kazi kwa Slack, na wengi wanatumia mpango wa bure. Kama timu yako ni mojawapo, makala hii ni yako.

Mfano wa roli nane

Chukua biashara ndogo ya kushona yunifomu. Tarehe 3 Februari, mwenye biashara anamwandikia mfanyakazi wake inbox: "Lipa 48,000, roli nane za kitambaa. Sita zinakuja leo, mbili wiki ijayo." Mfanyakazi analipa kwa simu, kisha anabandika meseji ya uthibitisho hapo hapo, pamoja na picha ya ankara ya muuzaji.

Roli sita zinafika. Mbili hazifiki. Simu zinapigwa, ahadi zinatolewa, miezi inapita. Mwezi wa Juni muuzaji anageuka: "Mlinunua roli sita, kila moja 8,000. Hatudaiani."

Stetimenti yetu itaonyesha 48,000 zilitumwa. Ni kweli, lakini roli sita kwa 8,000 ni 48,000, na roli nane kwa 6,000 pia ni 48,000. Kinachomaliza ubishi ni ile picha ya ankara. Na ukiitafuta Slack mwezi wa Juni, huioni.

Kwa nini huioni

Kwenye mpango wa bure, Slack inakuonyesha meseji na faili za siku 90 zilizopita tu. Za zamani zaidi zinafichwa. Ukianza kulipia mpango, zilizofichwa zinaweza kurudi. Lakini tangu Agosti 2024, meseji na faili zilizopita mwaka mmoja kwenye mpango wa bure zinafutwa kabisa. Hizo hata ukilipa hazirudi.

Sasa linganisha na sheria ya ushuru hapa Kenya, inayotaka mfanyabiashara aweke rekodi zake kwa miaka 5. KRA wakikuuliza gharama fulani ilikuwa ya nini, "ilikuwa kwa Slack" si jibu.

Je, msimamizi hawezi kuzitoa zote?

Hapa ndipo wengi wanakosea. Msimamizi wa Slack anaweza kutoa nakala ya mazungumzo, ndiyo, lakini kwenye mpango wa bure nakala hiyo ni ya chaneli za wazi tu. Inbox za watu wawili na chaneli za faragha hazimo. Hata zile za wazi, unapata maandishi na viungo vya faili, si faili zenyewe. Kwa hivyo usikae ukidhani kuna mtu ofisini anayekuhifadhia. Meseji zako za faragha ni jukumu lako.

Fanya hivi kila mwisho wa mwezi

1. Fungua Slack kwenye kompyuta. Kwa simu inawezekana, ila utachoka.

2. Ndani ya inbox husika, tafuta neno "lipa", jina la muuzaji, au nambari ya muamala.

3. Nakili mazungumzo ya malipo hayo kutoka mwanzo hadi mwisho, ubandike kwenye hati. Hakikisha majina, tarehe na saa zimeingia. Meseji moja iliyokatwa katikati ya mazungumzo haina nguvu.

4. Pakua kila ankara, risiti na picha, moja moja. Kuhifadhi kiungo cha faili hakutoshi, kwa sababu faili ikifichwa au ikifutwa, kiungo hakikufikishi popote.

5. Weka vyote kwenye folda moja pamoja na stetimenti yako ya mwezi huo. Faili uipe jina linaloeleweka, kwa mfano: "2025-02-03 kitambaa 48000", kisha nambari ya muamala.

6. Weka nakala mahali pawili, mfano Google Drive na flashi disk. Simu ikiibiwa au kompyuta ikimwagikiwa chai, bado unayo moja.

7. Fungua faili uone kama inasomeka. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa usiitegemee.

Skrinshoti je? Ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini huwezi kutafuta neno ndani yake kwa urahisi, na mtu anaweza kudai umeichezea. Ndiyo maana nambari ya muamala ni muhimu: muamala wenyewe unaweza kuthibitishwa kwenye rekodi zetu, hata kama mwenzako anaitilia shaka picha yako.

Usibebe kila kitu

Inbox ya kazi ina mambo mengi: nani ni mgonjwa, nani ameomba advansi, nani amekasirikia nani. Hayo si ya folda ya malipo. Chukua yanayohusu pesa tu, na mwambie mwenzako kwamba unaweka nakala. Taarifa za watu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na zaidi ya sheria, ni heshima.

Ukikuta mahali mtu aliandika PIN yake au ile nambari ya kuthibitisha inayotumwa kwa simu, usiinakili. Ifuteni meseji hiyo, na mwenye PIN aibadilishe leo. Sisi hatutawahi kukuomba PIN, wala bosi wako hafai kukuomba.

Jihadhari pia na programu za pembeni zinazoahidi kukutolea inbox zote za Slack kwa dakika moja, bora tu uwape nywila yako. Ukiwapa, wanasoma kila kitu unachosoma wewe, pamoja na maagizo ya malipo. Tapeli akishajua unamlipa nani na lini, ni rahisi kukutumia "nambari mpya" ya muuzaji.

Na sisi wa WhatsApp?

Wewe huna siku 90 za kuhesabu, lakini simu ikipotea bila nakala, meseji zinaweza kwenda nayo. Fungua mazungumzo na muuzaji, ingia kwenye menyu, uchague kuhamisha gumzo. Utapata faili ya maandishi unayoweza kuisoma popote. Iweke kwenye folda ile ile.

Anza na malipo makubwa matatu ya miezi miwili iliyopita. Kwa kila moja jiulize: mtu akibisha kesho, nitaonyesha nini? Kama jibu liko Slack peke yake, litoe leo, kabla siku 90 hazijaisha.