Mwanao anasomea mifumo ya udhibiti? Muulize maswali haya mawili

Kijana anaporudi likizo na daftari lililojaa hesabu tupu, wazazi wengi hujiuliza: huu ndio uhandisi? Mitambo iko wapi?

Kwa anayesomea mifumo ya udhibiti ya kidijitali, mtambo unaanzia kwenye hesabu hizo. Kompyuta ndogo hupima joto au mwendo, hulinganisha na kiwango kinachotakiwa, kisha huamuru marekebisho. Hurudia hivyo tena na tena, pengine mara nyingi kwa sekunde moja.

Ugumu uko kwenye kuchelewa. Anayeoga maji ya moto anaujua. Maji ni baridi, anafungua zaidi bomba la moto; bado baridi, anaongeza. Ghafla yanamuunguza, anafunga, yanakuwa baridi tena. Mashine nayo huyumba hivyo ikipima mara chache mno au ikirekebisha kupita kiasi. Hesabu humwonyesha mwanafunzi mapema kama mtambo utatulia.

Kosa hapa huweza kuua. Kati ya 1985 na 1987, mashine ya tiba ya mionzi ya Therac-25 iliwapa wagonjwa 6 wa Marekani na Kanada mionzi mingi mno, na baadhi yao wakafariki. Programu yake ilikuwa na makosa, na vizuizi vya usalama visivyotegemea programu, vilivyokuwamo kwenye mashine iliyoitangulia, havikuwekwa.

Hivyo mzazi amuulize mwanawe: umeshajaribu kwenye mtambo halisi? Na kipimo cha joto kikiharibika, mashine itafanya nini? Akilijibu la pili vizuri, ada haijapotea.